Timu ya Kampuni ya Simu: Miaka Ishirini na Ushei ya T1

Kumbukumbu rasmi huhesabu umri wa T1 kuanzia Aprili 2004, wakati SK Telecom, kampuni kubwa kuliko zote za simu za mkononi Korea Kusini, ilipozindua timu yake ya wachezaji wa kulipwa wa gemu za kompyuta. Lakini mtoto huyo hakuzaliwa siku ya uzinduzi. Kampuni ilimkuta ameshaanza kutembea. Alikuwa na kocha, Joo Hoon, alikuwa na ubingwa wa ligi ya timu ya mwaka 2003, na alikuwa na nyota ambaye kila kijana wa Seoul alimjua kwa sura. Alichokosa ni fedha.

Nyota huyo ni Lim Yo-hwan, ambaye mashabiki walimwita BoxeR, na kwa heshima zaidi, Mfalme. Mwaka 2001 alitwaa mara mbili mfululizo ubingwa wa gemu ya StarCraft uliorushwa na kituo cha televisheni cha Ongamenet. Klabu ya mashabiki wake kwenye intaneti ilivuka wanachama laki tano. Mwaka 2002 alijitoa kwenye timu aliyokuwamo, akaunda yake kwa udhamini wa Orion, watengenezaji wa biskuti. Udhamini ulipokwisha, vijana walibaki pamoja bila mfadhili, wakijiita 4U, wakaendelea kushinda huku kiongozi wao akibisha hodi kwenye milango ya makampuni. Kwa hiyo anayeandika historia ya taasisi hii akianza na bodi ya wakurugenzi atakuwa ameanzia katikati. Ilianzia kwa mchezaji, na mambo mengi yaliyofuata hayaeleweki pasipo kulikumbuka hilo.

Kwa nini kampuni ya simu? Jibu la kwanza ni historia ya nchi yenyewe. Msukosuko wa fedha wa 1997 uliwaacha Wakorea wengi bila kazi; baadhi yao waliweka akiba zao kwenye PC bang, yaani vyumba vya kompyuta vya kulipia kwa saa, wakati serikali ikisambaza intaneti ya kasi kila mtaa. StarCraft ilitoka Machi 1998 na kuvikuta vyumba hivyo vikisubiri kitu cha kuchezwa. Ni gemu ya vita na uchumi kwa pamoja: unachimba madini, unajenga kambi, unatuma askari, yote kwa wakati mmoja na kwa mikono miwili. Kufikia mwaka 2000 palikuwa na kituo cha televisheni cha gemu tupu, na chama cha kusimamia mashindano, KeSPA, kilichoidhinishwa na wizara ya utamaduni.

Jibu la pili hutajwa mara chache zaidi. Januari 2004 serikali iliruhusu wateja wa SK Telecom, kabla ya wateja wa kampuni nyingine yoyote, kuhamia kwa mshindani wakiwa na namba zao zilezile. Wa KTF walisubiri hadi Julai, wa LG hadi mwaka uliofuata. Kwa miezi sita, kampuni kubwa ilikuwa mlango wazi wa kutokea. Ndani ya miezi hiyo hiyo T1 ikazinduliwa. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine, ila mkurugenzi yeyote wa masoko aliyeamka asubuhi akiwaza jinsi ya kuwashika vijana mkono wasiondoke, angemwona Lim Yo-hwan kuwa jibu la bei nafuu. Na KTF, mpinzani aliyewafungulia mlango wateja hao, alikuwa na timu yake tangu 1999.

Kuanzia hapo mechi kati ya timu hizo mbili zikapewa jina la vita vya makampuni ya simu. Zinaitwa hivyo hadi leo.

Fedha za kampuni zilibadili maisha ya kila siku kabla ya kubadili matokeo. Wachezaji walikaa kambini, nyumba moja, mpishi mmoja, vitanda vya ghorofa chumba hiki na safu za kompyuta chumba cha pili. Mazoezi ya saa kumi au kumi na mbili kwa siku yalikuwa ya kawaida. Nyuma ya majina matano au sita yaliyoonekana kwenye televisheni palikuwa na vijana wengine ambao kazi yao ilikuwa kumwiga mpinzani wa wiki ijayo: ukikutana na mchezaji wa Zerg, mojawapo ya jamii za StarCraft, Jumamosi, kuna kinda anayekuchezea Zerg tangu Jumatatu mpaka uchoke kumwona. Wengi wa makinda hao hawakuwahi kupanda jukwaani. Historia za taasisi huwasahau, na hii pia haina majina yao.

Matunda yalionekana mapema, tena kwa namna ya ajabu. Novemba 2004, nusu fainali ya ubingwa wa Ongamenet ilimkutanisha Lim na mpinzani wake wa siku zote, Hong Jin-ho. Taifa zima la mashabiki lilijipanga kwa usiku mrefu. Lim akachukua vibarua wake mwanzoni kabisa mwa mchezo, badala ya kuchimba madini wakaenda kujenga mahandaki ya askari mlangoni kwa Hong. Hong akafa. Mchezo wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Chakula kilichoagizwa na watazamaji kilikuwa bado njiani. Kuna waliolaani kwamba wameibiwa onyesho, na kuna wanaosema hiyo ndiyo siku Mfalme alipoonyesha kwamba ushindi hauombi radhi. Mimi niko upande wa pili. Wiki iliyofuata fainali ikawa ya ndugu: Lim dhidi ya Choi Yeon-sung, kinda aliyemlea mwenyewe kambini. Choi akashinda michezo mitatu kwa miwili, na Lim akalia mbele ya kamera. Kampuni ilikuwa na bingwa na mshindi wa pili kwa mpigo, ila hakuna aliyejua ashangilie vipi.

Kisha kuna Gwangalli. Julai 2004 fainali ya ligi ya timu ilipelekwa kwenye ufukwe huo wa Busan, jukwaa likawekwa mchangani, na waandaaji wakatangaza watazamaji laki moja. Hesabu za umati wa ufukweni huwa na ukarimu wake, lakini picha za usiku ule zinaonyesha watu hadi macho yanapoishia. T1 walifungwa na Hanbit Stars, timu ya mfuko mwembamba. Mwaka uliofuata walirudi palepale, safari hii mbele yao wakiwa KTF waliokuwa wameweka rekodi ya ushindi mfululizo kwenye ligi. T1 wakawabwaga. Wakatwaa na ubingwa wa nusu ya pili ya mwaka, na ule wa nusu ya kwanza ya 2006: mara tatu mfululizo. Ligi hiyo iliitwa SKY, jina la simu zilizoanzishwa na kampuni tanzu ya SK. Yaani ligi ilibeba jina lililotoka SK, SK ikamiliki timu, na timu ikatwaa kombe. Hakuna aliyeona ajabu.

Oktoba 2006 Lim aliitwa jeshini kama kijana mwingine yeyote wa Korea. Jeshi la anga likaunda timu yake, ACE, ili wachezaji wasipoteze vidole vyao kwa miaka ile ya utumishi. Msomaji aliyekulia na timu za bandari, reli na majeshi hatahitaji kuelezwa. ACE walishindwa mara nyingi zaidi ya walivyoshinda, na viwanja vilijaa ili kumwona askari Lim. Alirejea T1 mwisho wa 2008. Alikuta timu imeshika njia nyingine: Kim Taek-yong alikuwa amenunuliwa kutoka timu ya MBC Game, Jung Myung-hoon na Do Jae-wook walikuwa wamekomaa, na msimu wa 2008-09 kombe likarudi nyumbani.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyopima nani alikuwa na timu na nani alikuwa na bango la matangazo. Mwaka 2010 iligundulika kwamba wachezaji, akiwamo bingwa mkubwa wa timu ya CJ, walikuwa wakiuza mechi kwa wacheza kamari. KeSPA iliwafungia watu kumi na mmoja maisha. Wakati huohuo Blizzard, wamiliki wa StarCraft, waligombana na KeSPA juu ya haki za kurusha mechi. Watazamaji wakapungua, wafadhili wakaanza kutazama saa. Mwaka 2011 pekee, Hwaseung, WeMade na MBC Game walivunja timu zao. Mwaka 2013 ikafuata STX, waliokuwa wametoka tu kutwaa ubingwa, pamoja na Woongjin waliofungwa nao kwenye fainali. T1 walibaki. Choi Yeon-sung, yule aliyemliza Lim, akawa kocha mkuu na kuwapa ubingwa wa ligi ya timu, iliyokuwa imehamia StarCraft II, mwaka 2015. Oktoba mwaka uliofuata ligi yenyewe ikafungwa baada ya miaka kumi na minne, na kitengo cha StarCraft nacho kikafungwa.

Kilichoiokoa taasisi ni gemu nyingine. League of Legends ilifunguliwa Korea Desemba 2011, watano kwa watano, kila mchezaji akitawala mhusika mmoja kwenye ramani yenye njia tatu na msitu. SK Telecom iliingia kwa njia ileile ya zamani: mwisho wa 2012 ilichukua timu iliyokuwapo tayari. Haikung'ara sana. Hapo ndipo Kim Jeong-gyun, kocha kijana aliyejulikana kama kkOma, alipopewa ruhusa ya kuunda timu ya pili kwa watu ambao hawakuwa na jina. Kwa njia ya kati alimchukua mvulana wa wilaya ya Gangseo, Seoul, aliyelelewa na baba na bibi yake, ambaye alikuwa akiongoza orodha ya wachezaji bora wa mtandaoni nchini. Lee Sang-hyeok aliacha shule ya sekondari ili aingie kambini. Jina lake la jukwaani, Faker.

Aprili 6, 2013, mechi yake ya kwanza kabisa, alimkabili Kang Chan-yong wa CJ, mchezaji wa njia ya kati aliyeheshimika kuliko wengi. Akamuua ana kwa ana. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita.

Fainali ya kiangazi ya mwaka huo, Agosti 31, wapinzani wakawa KT, warithi wa KTF. Vita vya makampuni ya simu, safari hii kwa silaha mpya. KT wakaongoza michezo miwili kwa bila. T1 wakasawazisha. Kwa kanuni za wakati ule, mchezo wa tano ulichezwa bila upande mmoja kuona chaguo la mwingine, hivyo mhusika mmoja angeweza kuonekana pande zote mbili, na ndivyo ilivyokuwa: Lee akachagua Zed, muuaji wa vivuli, na Ryu Sang-wook wa KT akachagua Zed huyohuyo. Mchezo ulikuwa ukielekea ukingoni wakati Ryu alipomkuta Lee damu ikiwa nusu na kumrukia kwa pigo lake kubwa. Hesabu ilimpa Ryu haki. Lee akajisafisha laana ya pigo hilo, akapotea kivulini, akatokea upande wa pili, akarudisha mapigo yake kwa mpangilio ambao jicho haliufuati hadi video ipunguzwe kasi. Zed wa KT akaanguka. Watangazaji hawakuwa na maneno. Walikuwa na kelele tu. Wiki tano baadaye, Los Angeles, T1 waliwafunga Royal Club wa China 3-0 na kuwa mabingwa wa dunia.

Mwaka 2014 waliporomoka, hata kufuzu mashindano ya dunia hawakufuzu. Timu mbili za kampuni zikaunganishwa, na kutokana na muungano huo likapatikana kombe la Berlin 2015, ambapo walipoteza mchezo mmoja tu katika mashindano mazima. La 2016 lilikuwa gumu zaidi na mimi nalipenda zaidi. Nusu fainali, New York, ROX Tigers walikuwa wamegeuza vitabu vyote kwa kumweka Miss Fortune, mpiga risasi, katika nafasi ya msaidizi, na T1 wakawa nyuma 2-1. Kocha akamwingiza Bae Seong-woong, mchezaji wa msituni aliyekuwa akianzia benchi mwaka ule. Bae akachukua Nidalee, mhusika ambaye hakuwahi kumtumia katika mechi yoyote ya kulipwa, na ambaye watu walisema waziwazi kwamba hamuwezi. Akashinda naye. T1 wakapita 3-2, kisha wakaifunga Samsung Galaxy kwenye fainali, 3-2 tena.

Samsung walilipa kisasi mwaka 2017 kwenye uwanja wa taifa wa Beijing, 3-0. Lee alibaki kitini ameinamia meza, mabega yakitikisika, huku wenzake wakimngoja. Picha hiyo inajulikana. Kisichokumbukwa sana ni kwamba Samsung, kampuni yenye fedha kuliko zote nchini, iliuza timu yake wiki chache baada ya kutwaa kombe lile. CJ walikuwa wameshashushwa daraja. Katika makampuni makubwa yaliyoanzisha mchezo huu wa kulipwa, yalibaki yale mawili ya simu.

Hata hivyo, kubaki nako kulibadilika maana. Msimu wa 2018 ulikuwa mbaya, kombe la dunia wakalitazama kwenye televisheni. Mwaka 2019 SK Telecom iliingia ubia na Comcast Spectacor ya Marekani, wakaunda kampuni mpya, na jina SK Telecom likaondolewa mbele ya T1. Joe Marsh akawa mtendaji mkuu. SK ilibaki na hisa nyingi kuliko wengine, lakini timu sasa ilitakiwa isimame kama biashara, si kama gharama ya matangazo. Februari 2020 Lee alitia saini mkataba uliomfanya awe mmoja wa wamiliki. Lim Yo-hwan aliunda timu akalazimika kuikabidhi kwa kampuni. Kampuni, miaka kumi na sita baadaye, ikamkabidhi mchezaji sehemu yake. Kwa maoni yangu hilo ni tukio kubwa kuliko baadhi ya makombe.

Miaka ya mwanzo ya biashara mpya haikuwa shwari. Makocha waliajiriwa na kufukuzwa, hata katikati ya msimu wa 2021. Mashabiki wa Korea wana njia yao ya kulalamika: huchanga fedha, hukodi lori lenye skrini ubavuni, na kulituma lipite mbele ya ofisi likiwa limeandikwa madai yao. Malori yalipita. Katikati ya fujo hiyo wakapandishwa vijana waliolelewa na akademia ya timu yenyewe: Choi Woo-je, Moon Hyeon-jun, Lee Min-hyeong. Wakaongezewa Ryu Min-seok, msaidizi aliyetoka timu ya DRX. Msimu wa masika wa 2022 walimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha wakapoteza fainali ya dunia San Francisco, 3-2, mbele ya DRX, ambao hakuna aliyewapa nafasi.

Mwaka 2023 mkono wa Lee ulimsumbua hadi akakaa nje. T1 wakapoteza mechi saba kati ya nane bila yeye. Alirudi. Septemba, Hangzhou, michezo hii ikihesabiwa kwa mara ya kwanza kwenye medali za Michezo ya Asia, Korea, Lee akiwamo, ikachukua dhahabu chini ya kocha kkOma, na pamoja na dhahabu hiyo ukaja msamaha wa utumishi wa jeshi. Lim alivaa sare, Lee hakulazimika. Novemba 19, ndani ya Gocheok Sky Dome jijini Seoul, T1 waliwafunga Weibo wa China 3-0, huku umati mwingine ukitazama kwa skrini kubwa uwanja wa Gwanghwamun. Ulikuwa ubingwa wa nne, wa kwanza kupatikana nyumbani.

London 2024 ukaja wa tano. Wakiwa nyuma 2-1 dhidi ya Bilibili wa China, Lee, umri wa miaka ishirini na minane, alichukua Sylas, kisha Galio, akamaliza kazi na kupewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Ajabu ni kwamba tangu masika ya 2022 T1 hawajatwaa ligi ya nyumbani. Gen.G, waliozaliwa kutokana na timu iliyouzwa na Samsung, wamewafunga huko mara nyingi mno. Dunia wanaishinda, mtaa unawashinda.

Baada ya London, Choi Woo-je aliondoka kwenda Hanwha Life, timu ya kampuni ya bima, na mwanzo wa 2025 Lee Min-hyeong akajikuta benchi. Ubishi juu ya nani aanze ulitoka chumba cha makocha ukafika ofisi ya juu, na ofisi ya juu ikatamka hadharani kwamba Min-hyeong ndiye ataanza. Wapo waliouliza tangu lini mtendaji mkuu anapanga kikosi. Swali lilikuwa halali. Msimu ulikwenda kwa kusuasua, T1 wakafuzu mashindano ya dunia kwa tiketi ya mwisho ya Korea, wakalazimika kucheza mechi ya mchujo ili tu waingie.

Waliingia, na hawakusimama hadi fainali ya Chengdu, Novemba 9, 2025. Upande wa pili walikuwa KT, fainali yao ya kwanza ya dunia. Kampuni mbili zilizogombea wateja wa simu miaka ishirini nyuma zilimaliza ugomvi wao China, michezo mitano kamili, 3-2 kwa T1. Kombe la sita, la tatu mfululizo, na mchezaji bora wa fainali akawa Lee Min-hyeong. Siku chache baadaye alitangaza kuondoka, naye akaelekea Hanwha Life. Nafasi yake ilichukuliwa na Kim Su-hwan, aliyezaliwa mwaka 2005. Mkataba wa Lee Sang-hyeok, aliousaini upya Julai, unakwenda hadi 2029.